Matairi ya nyuma yanalika ndani ingawa alaimenti imefanyika mara mbili

Swali: Nina SUV inayosukumwa na magurudumu yote manne, imeshatembea kilomita 140,000. Nilifunga matairi manne mapya ya 235/60R18, na baada ya kilomita 16,000 tu yale ya nyuma yamebaki karibu kipara upande wa ndani. Ya mbele yako vizuri. Alaimenti nimefanyiwa mara mbili, usukani umenyooka na gari halivuti upande wowote. Kuna mvumo nyuma unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka. Fundi mmoja anasema ni beringi, mwingine anasema ninunue matairi ya bei kubwa zaidi. Nimepima kina cha kashata (meno ya mpira wa tairi) kwa geji: mbele milimita 4.8 ndani, 5 katikati na 5 nje, nyuma 1.8 ndani, 4.4 katikati na 5.5 nje. Yalipokuwa mapya yalikuwa na 8. Gari mara nyingi hujaa watu na mizigo. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye usalama, leo hii. Geji hupima ndani ya mfereji, lakini bega la ndani kabisa, lile lililo ng'ambo ya mfereji wa mwisho, geji hailifikii, na kwa ulikaji wa namna hii ndilo hutangulia kuisha. Egesha gari mahali tambarare, chukua tochi na kioo kidogo, chungulia nyuma ya kila gurudumu la nyuma, kisha lisogeze gari kidogo ili uone mzunguko mzima wa tairi. Usipapase kwa mkono mtupu: nyaya za chuma zikishatokeza hukata kama wembe. Ukiona nyaya au kitambaa, gari lisiende popote na tairi hilo. Hata usipoziona, milimita 1.8 imebakiza mbili za kumi tu kufika 1.6, ambayo ndiyo alama ya ukomo iliyofinyangwa ndani ya mifereji na ndiyo kiwango cha chini cha kisheria katika nchi nyingi. Tairi la nyuma lenye kina hicho halifukuzi maji. Kwenye mvua, mbele kutashika na mkia utachomoka, na mkia ukichomoka kwenye gari refu na zito ni vigumu kuurudisha. Nenda polepole mpaka uyabadilishe.

Sasa tuzisome namba zako, maana nusu ya jibu imo humo. Ya mbele yamepoteza milimita 3 hivi, karibu sawasawa pande zote. Hiyo ni 0.19 kwa kila kilomita 1,000. Si haba, lakini kwa SUV inayojazwa mara kwa mara haishangazi. Nyuma, bega la nje limepoteza 2.5, yaani 0.16 kwa kila kilomita 1,000, polepole kuliko hata ya mbele. Bega la ndani la tairi hilohilo limepoteza 6.2, yaani 0.39. Ni mpira mmoja, barabara moja, dereva mmoja, na bado upande mmoja umeisha mara mbili na nusu zaidi ya mwingine. Kwa hiyo ubora wa tairi hauhusiki, na ukifunga ya bei kubwa yatalika vilevile kwa hasara kubwa zaidi. Upepo nao si mkosaji mkuu: tairi lenye upepo mdogo hulika mabega yote mawili na kuacha katikati, na lenye upepo mwingi hulika katikati. Upande mmoja peke yake ukiisha hivi, ni pembe za gurudumu.

Na kwa kuwa mbele ni shwari, pembe zilizoharibika ni za nyuma. Ninachohofia ni kwamba alaimenti zako zote mbili zilikuwa za mbele tu.

Itafute karatasi uliyopewa. Mashine ya alaimenti hutoa karatasi yenye vipimo vya kabla na baada kwa magurudumu manne. Ikiwa sehemu ya nyuma iko tupu, au vipimo vya kabla na vya baada vya nyuma ni vilevile na vimeandikwa kwa rangi nyekundu, basi nyuma hakukuguswa. Kama hukupewa karatasi yoyote, chukulia kwamba hakukuguswa. Usukani ulionyooka na gari lisilovuta havithibitishi chochote kuhusu nyuma. Gurudumu la nyuma kushoto likitazama pembeni kwa kiasi fulani na la kulia likatazama upande wake kwa kiasi kilekile, nguvu zake hufutana. Gari hukimbia limenyooka kama mshale huku matairi yakisagika.

Pembe mbili zinazokula tairi

Tou ni namna magurudumu mawili ya ekseli moja yanavyoelekeana ukiyatazama kutoka juu, kama nyayo za mtu: vidole vikikaribiana ni tou ya ndani, vikiachana ni tou ya nje. Kemba ni kulala kwa gurudumu ukilitazama kutoka mbele au nyuma ya gari: kichwa chake kikilalia ndani, kemba ni hasi. Pembe ya tatu, kasta, ni ya magurudumu ya usukani na haina neno kwenye tatizo lako.

Kati ya hizo mbili, tou ndiyo mlaji wa haraka. Chukua gurudumu lililokosea kwa digrii 0.4 tu, pembe ambayo jicho haliwezi kuiona. Kila kilomita moja linayokwenda, gurudumu hilo linataka kwenda pembeni mita 7, na gari linalikatalia. Katika kilomita 16,000 zako, hizo ni kilomita 112 za kuburutwa kuelekea ubavuni. Mpira hautelezi muda wote huo. Sehemu kubwa ya mvutano huishia kwenye kashata kupinda na kurudi. Lakini kila kashata inapoachana na lami hujikwangua kidogo, na hujikwangua hivyo zaidi ya mara 430 kwa kila kilomita.

Kemba peke yake hula taratibu. Magari mengi ya aina hii hutoka kiwandani yakiwa na kemba hasi kidogo nyuma, kati ya nusu digrii na digrii moja na nusu, ili yashike vizuri kwenye kona, na matairi yake hudumu. Shida huanza kemba inapozidi huku tou nayo imekosea: kemba hulundika uzito juu ya bega la ndani, tou hulisugua bega hilohilo lililoelemewa. Ulikaji kama wako, wa mteremko kutoka 5.5 hadi 1.8, mara nyingi ni kazi ya pembe hizo mbili kwa pamoja.

Unaweza kupima kwa kiganja kabla ya kulipa senti. Magurudumu yakiwa yamefunguliwa, na ukishahakikisha hakuna nyaya zilizotokeza, telezesha kiganja juu ya kashata kutoka bega la ndani kwenda la nje, kisha urudi. Kama kwenda ni kukwaruza na kurudi ni laini, kingo kali zinatazama ndani ya gari: hiyo ni tou ya ndani iliyozidi. Kama kwenda ni laini na kurudi ndiko kunakokwaruza, ni tou ya nje. Kama pande zote mbili ni laini na tairi limelika tu kwa mteremko, kemba ndiyo inayotawala. Lichunguze kila tairi peke yake. La kushoto na la kulia likikupa majibu tofauti, kuna kitu kimepinda au kimelegea upande mmoja.

Kwa nini pembe za nyuma zimehama

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanaporuka. Pembe za kiwandani hazihami zenyewe. Kitu kimezihamisha, na ukizirekebisha bila kukitengeneza kitu hicho, utarudi palepale baada ya miezi michache.

Cha kwanza ni kimo cha gari. Kwa kilomita 140,000 za kubeba watu na mizigo, springi za nyuma huenda zimechoka. SUV nyingi za kisasa zina nyuma inayojitegemea, kila gurudumu na amu zake (vyuma vinavyolishikilia), na kwa mpangilio huo mwili wa gari ukishuka kichwa cha gurudumu huvutwa ndani. Kushuka kwa milimita 30 kunaweza kuongeza kemba hasi kwa nusu digrii au zaidi, na tou huhama pamoja nayo. Pima hivi: gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyo sawa, upepo ukiwa kamili, lisukume mita chache bila breki ya mkono ili amu zitulie. Kisha pima kutoka katikati ya gurudumu wima hadi ukingo wa madigadi juu yake, pande zote nne. Usipime kutoka chini, maana unene wa tairi utakudanganya. Tofauti ya zaidi ya milimita 10 kati ya kushoto na kulia inahitaji maelezo. Linganisha na kipimo cha kiwanda kama kipo kwenye kitabu cha ufundi. Halafu lijaze gari kama unavyolijaza siku zote, upime tena, uandike.

Springi zikithibitika kuchoka, badilisha mbili kwa pamoja. Kama mzigo kwako ni jambo la kila siku, tafuta springi za nyuma za uzito mkubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lako. Siungi mkono mipira inayosokomezwa katikati ya mizunguko ya springi: hubana mizunguko miwili mitatu, hulazimisha iliyobaki kufanya kazi yote, na springi huweza kukatika. Jambo jingine la kuangalia: baadhi ya SUV huwa na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe gari likibeba mzigo. Kama gari lako lilikuwa nazo na mtu akafunga shokapu za kawaida akabakiza springi zilezile, mkia utakaa chini daima, kwa sababu springi hizo zilipangwa kusaidiwa na shokapu.

Cha pili ni bushi, yaani mipira yenye bomba la chuma inayounganisha amu na fremu. Gari likiwa juu ya stendi imara, kamwe si jeki peke yake, pitisha mtaimbo mdogo kati ya kila amu na fremu ndogo ya nyuma, usukume. Bushi nzima husogea kidogo kwa ugumu na kurudi. Bushi mbovu huonyesha nyufa za kina, mpira ulioachana na bomba lake la chuma, au amu inayogonga chuma kwa chuma. Itazame kwa makini zaidi ile bushi kubwa iliyo mwisho wa mbele wa amu ndefu ya nyuma, ile inayolala kufuata urefu wa gari. Ikilegea, kila unapokanyaga breki gurudumu hubadili mwelekeo, kisha hurudi ukiachia. Kwenye mashine ya alaimenti gari limesimama na vipimo vinaonekana vizuri. Barabarani gurudumu linacheza.

Ukibadilisha bushi au amu, kuna kosa moja linaloua bushi mpya ndani ya muda mfupi: kukaza boliti za mwisho magurudumu yakiwa yananing'inia. Mpira wa bushi umeshikamana na bomba la ndani. Ukikazwa katika hali ya kuning'inia, gari likishuka chini bushi inabaki imejisokota maisha yake yote, inalichangia gari kimo kisicho chake, na hatimaye inachanika. Boliti zishikizwe tu, amu inyanyuliwe kwa jeki hadi ule umbali wa katikati ya gurudumu na madigadi ufikie kipimo cha gari likiwa chini, ndipo zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu.

Cha tatu ni beringi na viungo. Shika tairi juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa pande zote huelekeza kwenye beringi; mchezo wa kushoto na kulia tu, bila wa juu na chini, huelekeza kwenye amu ya tou au kiungo chake. Msaidizi aweke mkono kwenye kila kiungo wakati unatikisa, maana mkono huhisi kile ambacho jicho halioni.

Cha nne ni kupinda. Gurudumu likiwahi kugonga ukingo wa barabara au shimo kwa kishindo, amu au kibebeo cha beringi kinaweza kuwa kimepinda kidogo. Dalili yake ni upande mmoja kukataa kabisa kuingia kwenye kipimo ilhali mwingine unaingia kirahisi. Kipinda hakinyooshwi kwa moto wala nyundo, kinabadilishwa.

Na kuna sababu ya kifundi inayoweza kuwa ndiyo iliyowafanya waliokuhudumia waiache nyuma: boliti za kurekebishia zimeganda. Kemba na tou za nyuma katika magari mengi hurekebishwa kwa boliti yenye washa ambayo tundu lake haliko katikati. Ukiizungusha, amu husogea. Kwa miaka mingi ya maji na vumbi, boliti hiyo huungana kwa kutu na bomba la bushi. Nati inafunguka, boliti haizunguki, na fundi akiilazimisha anachana bushi. Fundi anayepanga gari moja kila nusu saa hataanza vita hiyo bila kukuambia, na wengine hawakuambii. Suluhisho ni kumwagia mafuta ya kulegeza kutu siku moja au mbili kabla, kuweka alama ya mahali washa ilipo, kisha kujaribu kuizungusha kidogo huku na huko. Isipokubali, hukatwa pande zote mbili za bushi, na hufungwa boliti mpya, washa zake mpya, nati mpya, na bushi au amu nzima mpya. Nunua vifaa hivi mapema. Moto usitumike pale: kuna mipira, mabomba ya breki, na mara nyingi tangi la mafuta liko jirani. Boliti mpya ipakwe grisi ya kuzuia kutu sehemu inayopita ndani ya bomba, si kwenye nyuzi zake, kwani nyuzi zenye grisi hukazika kupita kiasi hata kama spana inasoma namba sahihi.

Mvumo

Usibadilishe beringi kwa kubahatisha. Tairi lililolika vibaya huvuma karibu sawa kabisa na beringi, na wewe una matairi mawili yaliyolika vibaya. Pitisha kiganja kufuata mzunguko wa tairi, mbele kisha nyuma. Ukihisi kila kashata ina kisigino kilichosagika na ncha iliyosimama, hicho ndicho kinachopiga lami na kuvuma. Ukihisi mabonde na vilima kama vijiko vimepangwa, ziangalie shokapu: zenye mafuta yaliyochuruzika zimekwisha, na zibadilishwe mbili kwa pamoja. Kile kipimo cha kukandamiza kona ya gari na kuhesabu inadunda mara ngapi hakiaminiki kwa gari zito la springi ngumu. Shokapu iliyochoka nusu hukipita bila tabu.

Beringi hujitambulisha kwa namna nyingine. Kwenye barabara pana isiyo na magari, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Ukielekea kulia uzito huhamia kushoto. Mvumo ukikua hapo na kufifia ukielekea kushoto, beringi ya kushoto inashukiwa, na kinyume chake. Mvumo wa tairi haujali kuyumba huko, ila hubadilika lami ikibadilika, kutoka ya kokoto kubwa kwenda laini. Kisha inua gurudumu, shika springi kwa mkono mmoja, zungusha tairi kwa mwingine: beringi iliyoharibika hutuma mkwaruzo hadi kwenye springi. Ukipata shaka, funga matairi mapya kwanza usikilize.

Kuipanga

Matengenezo yakishakamilika, na matairi mapya yakiwa yamefungwa, omba alaimenti ya magurudumu manne na useme wazi kwamba tatizo liko nyuma. Upepo uwe kamili kabla ya kupanda mashine, buti liwe tupu. Mpangilio wa kazi una maana yake: kemba ya nyuma, kisha tou ya nyuma, kisha mbele, na tou ya mbele mwisho kabisa usukani ukiwa umefungwa katikati. Nyuma ndiyo inayoamua gari linaelekea wapi, na mbele hupangwa kuufuata mwelekeo huo. Anayeanza mbele atalazimika kurudia.

Usitosheke na rangi ya kijani, ambayo mashine huonyesha kipimo kikiwa ndani ya kiwango. Kiwango cha kiwanda ni upana, si nukta. Tuseme tou ya nyuma inaruhusiwa kuanzia digrii 0.00 hadi 0.20 kwa kila gurudumu. Gurudumu lililoachwa kwenye 0.00 gari likiwa tupu ni la kijani, lakini liko ukingoni, na mzigo kidogo utalitoa nje. Omba liwekwe karibu na katikati, na kushoto kufanane na kulia.

Kisha omba jambo moja ambalo huchukua dakika chache tu: kabla gari halijashuka, watu wakae ndani na mizigo iwekwe kama ilivyo kawaida yako, mashine isome tena bila kurekebisha chochote. Ikiwa pembe za nyuma zinaruka mbali na kiwango, springi bado ni dhaifu, na hakuna marekebisho ya amu yatakayokuokoa. Kwa gari lako mimi naona kipimo hiki kina thamani kuliko vingine vyote kwenye karatasi.

Baadhi ya SUV zina boliti ya kurekebisha tou ya nyuma pekee. Kemba haina pa kurekebishia. Kwa hizo, kemba hurudishwa kwa springi, bushi na vyuma vilivyonyooka. Ikikataa baada ya hivyo vyote kuwa vizima, hapo ndipo amu yenye urefu wa kubadilika inapofaa. Na kama mfumo wako wa nyuma ni ekseli moja ngumu isiyogawanyika, pembe hazirekebishwi kabisa. Kinachotafutwa ni ekseli iliyopinda au iliyohama mahali pake.

Gari likiwa na mfumo wa kuzuia kuteleza, kihisi cha pembe ya usukani kirudishwe kwenye sifuri baada ya kazi. Lenye kamera ya kufuata mistari ya barabara huenda likahitaji kamera ipangwe upya; kitabu cha gari lako kitasema.

Unaweza pia kukagua mwenyewe nyumbani kwa futi ya kupimia na chaki. Inua gurudumu, lizungushe huku ukichora mstari mwembamba katikati ya kashata, fanya hivyo pande zote mbili, shusha gari na ulisukume mita chache ili litulie. Weka alama kwenye mistari yote miwili upande wa mbele wa tairi, kwa urefu wa kitovu cha gurudumu, upime umbali kati ya alama hizo. Sukuma gari mbele hadi alama zilezile zifike nyuma kwa urefu uleule, upime tena. Nyuma kukizidi mbele ni tou ya ndani. Kwa tairi la kipimo chako, ambalo kipenyo chake ni milimita 739, kila milimita 1.3 ya tofauti ni digrii 0.1 ya tou ya jumla. Njia hii haikuambii ni gurudumu lipi limekosea, ila ukikuta tofauti ya milimita 8 nyuma, huhitaji kubishana na mtu.

Ununue mawili au manne?

Kwa gari linalosukumwa na magurudumu mawili ningesema mawili yanatosha, na mapya yakae nyuma. Kwa lako, tahadhari. Ukifunga mapya ya milimita 8 nyuma na kubakiza ya milimita 5 mbele, tairi la mbele litakuwa dogo kwa milimita 6 za kipenyo, na litazunguka takriban mara 3 na nusu zaidi kila kilomita. Kiungo kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kitakuwa kinateleza na kupata joto muda wote, kikidhani kuna gurudumu linaloteleza. Watengenezaji wengi wa magari ya aina hii hutaka tofauti ya kina cha kashata isizidi milimita 2 au 3. Angalia kitabu chako, na kama 3 imevuka kiwango chao, nunua manne. Gharama ya matairi mawili ya ziada ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kiungo hicho au difu. Yale mawili ya mbele yana maisha, unaweza kuyauza au kulifanya moja kuwa la akiba.

Angalia na namba ya uzito ubavuni. 103 maana yake kila tairi linabeba hadi kilo 875. Usishuke chini ya namba iliyotoka na gari, hasa wewe unayejaza. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Manne yawe ya aina moja na umri unaokaribiana.

Upepo ufuate kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, si namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo cha tairi lenyewe na haihusiani na gari lako. Mara nyingi kibandiko kina safu mbili, moja ya mzigo mdogo na nyingine ya gari lililojaa, na ya pili huongeza zaidi nyuma. Itumie hiyo safari za mzigo. Pima tairi likiwa baridi, baada ya kusimama kwa muda wa saa tatu hivi, na usipunguze upepo wa tairi lenye moto.

Zungusha matairi kila kilomita 8,000, lakini pima na uandike kabla ya kuyahamisha. Kuzungusha bila kupima huficha kosa: ulikaji hugawanywa kwa manne, na siku unapogundua, yote manne yamekwisha.

Nati za magurudumu zikazwe tena kwa spana ya kupimia baada ya kilomita 80 hadi 100. Baada ya kilomita 3,000 pima kina sehemu tatu za kila tairi, kama ulivyofanya safari hii. Tairi lenye afya litakuwa limepoteza nusu milimita hivi, ndani na nje zikitofautiana kwa moja au mbili za kumi. Bega la ndani likishatangulia kwa nusu milimita mapema hivyo, rudi na karatasi mkononi. Bado utakuwa na milimita 7 za mpira wa kuokoa.